Bunduki ndogo ya shabaha: Yanayofaa kuzingatiwa kabla ya kununua

KWA Wakenya wengi, neno bunduki huleta akilini G3 iliyo begani mwa polisi au AK-47 iliyo mikononi mwa wezi wa mifugo. Wachache hufahamu kwamba ipo bunduki nyingine, nyembamba na ya mlio wa chini, ambayo kazi yake kubwa ni kutoboa karatasi.

Hiyo ni bunduki ya komeo inayotumia risasi za .22. Mlenga shabaha huinua mkono wa komeo na kulivuta nyuma, ganda tupu likaruka nje. Kisha hulisukuma mbele, risasi nyingine ikaingia chemba. Hakuna risasi inayofuata mpaka kitendo hicho kirudiwe. Walenga shabaha wengi duniani walijifunzia bunduki ya aina hii, na ndiyo inayotumiwa katika mashindano ya Olimpiki ya umbali wa mita 50.

Katika mashindano hayo, duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, yaani takriban upana wa punje kubwa ya mahindi. Tangu Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, shindano la kulenga kwa kulala kifudifudi pekee liliondolewa katika Olimpiki. Lile la mikao mitatu, ambapo mshindani hupiga magoti, hulala na kusimama, lingalipo kwa wanaume na kwa wanawake.

Anayevutiwa na mchezo huu hapa nchini hukabiliwa na swali gumu mapema mno, kabla hajajua vizuri anachokitafuta: anunue bunduki ipi? Kosa katika uchaguzi huo halirekebishwi kwa urahisi. Cheti cha umiliki hutaja bunduki mahususi pamoja na nambari yake, na hakuna anayeweza kuirudisha dukani wiki ijayo kama anavyorudisha viatu vilivyombana.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza mtu yeyote kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Bodi inayotoa leseni hizo huhitaji kuridhika kwamba mwombaji ana sababu ya maana na kwamba kumruhusu hakutahatarisha usalama wa umma. Umakini wa serikali katika jambo hili ulionekana Desemba 2018, wakati aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alipoagiza raia wote wanaomiliki silaha wakaguliwe upya.

Kwa hivyo hatua ya kwanza si dukani, bali uwanjani. Anayetaka kuanza hushauriwa kujiunga na klabu iliyo na uwanja ulioidhinishwa, alenge kwa bunduki za klabu chini ya mwalimu kwa miezi kadhaa, kisha ndipo aulizie cheti. Faida yake ni mbili. Kwanza, sababu atakayoiandika katika ombi lake itakuwa na mashahidi. Pili, atakuwa amekwisha kushika bunduki za watu wengine watano au sita, na bega lake litakuwa limemwambia mengi ambayo muuzaji hawezi kumwambia.

Jambo jingine la kukumbukwa na Mkenya ni kwamba uwindaji wa wanyama kwa ajili ya mchezo ulipigwa marufuku humu nchini 1977. Nchi jirani ya Tanzania ingali inauruhusu kwa vibali, lakini Kenya hairuhusu. Maelezo mengi ya bunduki za .22 yanayopatikana kwenye vitabu vya bei na matangazo ya viwanda yaliandikwa kwa ajili ya mwindaji wa sungura wa Uingereza au wa kindi wa Marekani. Mwindaji hutaka bunduki nyepesi ya kubeba mchana kutwa, yenye risasi ya kasi na yenye uwezo wa kuua kwa hakika. Mlenga karatasi hahitaji hata kimoja kati ya hivyo. Yeye hutaka bunduki nzito kidogo inayotulia, na risasi ambayo kila moja hufanya sawasawa na ile iliyoitangulia.

Aina ya risasi ndiyo huamua mambo mengine yote. Risasi inayojulikana kama .22 Long Rifle ilibuniwa Marekani 1887 na kampuni ya J. Stevens Arms & Tool. Fataki yake haikai katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi kubwa, bali imepakwa ndani ya ukingo unaozunguka ganda. Pini ya bunduki hugonga ukingo huo, fataki ikawaka na baruti ikashika moto. Muundo huo ni wa bei nafuu kutengeneza, ila ganda haliwezi kujazwa upya likishatumika.

Kichwa cha risasi hiyo aghalabu ni cha risasi laini, ile madini ya lead, na huwa na uzani wa gramu 2.6. Teke lake begani ni dogo kiasi kwamba hata kijana wa miaka 13 hashtuki. Hilo si jambo dogo. Anayeanza kwa bunduki inayompiga bega hujifunza kufumba macho na kujikaza kabla ya mlio, na tabia hiyo huchukua miaka kuiondoa.

Zipo risasi nyingine ndogo ambazo wauzaji huzisifu. Ile ya .22 Magnum iliyoanzishwa na Winchester 1959 ina nguvu zaidi. Ile ya .17 HMR iliyoletwa na Hornady 2002 ina kichwa chenye uzani wa gramu 1.1 tu, lakini hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 750 kwa sekunde na kwenda karibu moja kwa moja hadi mita 100 na zaidi. Ni risasi nzuri, lakini zote mbili ni ghali kuliko .22 ya kawaida, aina zake ni chache, na hazikubaliwi katika mashindano ya mita 50. Mwanafunzi anayehitaji kufyatua risasi elfu kadhaa kwa mwaka ili aive ataona tofauti hiyo mfukoni kabla ya kuiona kwenye karatasi.

Yupo atakayeuliza kwa nini asinunue bunduki ya .22 inayojipakia yenyewe. Jibu moja ni la kiufundi: komeo likifungwa kwa mkono hukaza risasi mahali pake vivyo hivyo kila mara, na hakuna chuma kinachosogea wakati risasi ingali mtutuni. Jibu la pili ni la malezi. Anayelazimika kuinua mkono, kuvuta na kusukuma kabla ya kila risasi hupata nafasi ya kupumua na kujiuliza alikosea wapi.

La tatu ni la kisheria, na linaonekana katika nchi nyingine. Australia ilipokaza sheria zake baada ya mauaji ya Port Arthur ya 1996, bunduki ya .22 ya komeo iliwekwa katika kundi la kwanza lenye masharti mepesi zaidi, ilhali ya .22 inayojipakia ilipelekwa katika kundi la wachache. Serikali nyingi huitazama bunduki ya komeo kwa jicho la upole kuliko dada zake.

Baada ya hapo huja mtutu, na hapa imani potofu ni nyingi. Watu hudhani kuwa mtutu mrefu hurusha risasi mbali zaidi na kwa usahihi zaidi. Baruti iliyo katika risasi ya .22 ni kidogo sana, na kazi yake huwa imekwisha risasi ikiwa imesafiri takriban sentimita 40 ndani ya mtutu. Kilichobaki baada ya hapo ni msuguano tu. Mtutu wa sentimita 60 hauongezi kasi. Unaongeza uzani mbele, jambo linalomsaidia anayelenga akiwa amesimama, na unaongeza umbali kati ya vilengeo viwili kwa yule asiyetumia darubini. Mwenye darubini hapotezi chochote kwa mtutu wa sentimita 45.

Kilicho muhimu zaidi ni ubora wa mifuo inayozunguka ndani ya mtutu, ile inayoipa risasi mzunguko kama pia. Kwa .22, kawaida ni mzunguko mmoja kamili kwa kila inchi 16, yaani sentimita 40 na ushei. Muhimu pia ni mdomo wa mtutu, mahali risasi inapouachia chuma. Mkwaruzo mdogo hapo, ambao jicho lisilozoea halingeuona, hutosha kuipindisha kila risasi. Mnunuzi wa bunduki iliyotumika aanze ukaguzi wake hapo, kwa tochi na kioo cha kukuzia.

Kitako nacho ni suala la kimo cha mwili. Bunduki nyingi hutengenezwa kwa mtu mzima wa Ulaya au Marekani mwenye mikono mirefu. Mwanamke mfupi au kijana akiishika hulazimika kurudisha mgongo nyuma ili alingane nayo, na akiwa amepinda hivyo hawezi kutulia. Kipimo rahisi ni kukunja kiwiko, kuweka mwisho wa kitako ndani ya mkunjo huo, na kutazama kama kidole kinakifikia kifyatulio bila kunyoosha. Shavu nalo linapaswa kuangukia kitakoni lenyewe huku jicho likiwa tayari nyuma ya darubini. Anayelazimika kuinua au kushusha kichwa kutafuta picha amechukua bunduki ya mtu mwingine.

Kwa familia itakayotumia bunduki moja, vitako vinavyorefushwa na kufupishwa kwa vipande vina thamani kuliko mapambo yoyote. Wanaotumia mkono wa kushoto nao wasikubali kuambiwa kwamba watazoea. Komeo la upande wa kulia humlazimu wa kushoto kupitisha mkono juu ya bunduki kila mara, akivunja mkao wake baada ya kila risasi. Viwanda kadhaa hutengeneza makomeo ya upande wa kushoto, ijapokuwa huenda mteja akasubiri muda kuagiziwa.

Kuhusu kifyatulio, mnunuzi hahitaji vipimo vya kitaalamu ili kutofautisha kizuri na kibaya. Bunduki ikiwa tupu, imekaguliwa na imeelekezwa mahali salama, avute polepole. Kifyatulio kizuri hukaa kimya, kisha huachia ghafla kama kijiti cha glasi kinachovunjika. Kibaya hukwaruza na kusogea, kikasimama, kikasogea tena, na mlengaji hawezi kukisia kitaachia lini. Bunduki nyingi za kawaida huhitaji nguvu ya kilo moja na nusu hadi kilo tatu kuvutwa, na nyingine zaidi. Kwa karatasi, nusu ya hapo ndiyo starehe. Savage ya Marekani imejizolea wateja kwa kuuza bunduki za bei ya wastani zenye kifyatulio ambacho mwenyewe anaweza kukirekebisha bila fundi.

Tahadhari moja: bunduki za .22, hasa za zamani, hazipaswi kufyatuliwa tupu mara kwa mara. Kwa kuwa pini hugonga pembeni, isipokutana na ukingo wa ganda yaweza kugonga chuma cha chemba chenyewe na kukitoboa kidogo kidogo. Mwenye duka ana haki ya kukasirika mteja anapovuta mara kumi. Aombe ruhusa, na ikiwezekana ganda tupu liwekwe ndani.

Katika majina ya viwanda, CZ ya mji wa Uherský Brod katika Jamhuri ya Czech hutajwa mara nyingi na wanaotafuta usawa kati ya bei na ubora. Bunduki yake ya CZ 457, iliyochukua nafasi ya 455, hupatikana ikiwa na kitako cha mbao au cha plastiki na mitutu ya unene mbalimbali, na mtutu wake waweza kubadilishwa. Bunduki za kale za Brno, zilizotengenezwa nchi hiyo ilipokuwa Czechoslovakia, zingali zinapiga vizuri mikononi mwa wajukuu wa walionunua. Tikka ya Finland iliingia kundi hili 2018 kwa bunduki yake ya T1x. Ruger ya Marekani ilileta American Rimfire 2012, bunduki ya bei ya chini isiyo na urembo wowote lakini inayofanya kazi yake.

Juu kabisa ya ngazi ipo Anschütz ya Ulm, Ujerumani, ambayo jina lake limezoeleka katika Olimpiki kwa miongo mingi. Bunduki zake za mashindano huweza kukaribia kikomo cha kilo 8 kinachoruhusiwa, hupakiwa risasi moja moja, na huwa na vitako vyenye skrubu za kurekebisha kila upande. Ni mashine ya kupendeza. Hata hivyo, anayeanza akinunua hiyo hujikuta akihangaika na skrubu badala ya kujifunza kupumua. Ni heri aisubiri.

Hata bunduki ikiwa nzuri namna gani, kinachofika kwenye karatasi ni risasi, na hapa ndipo walenga shabaha wapya hushangaa zaidi. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja, siku moja, zikiwa na nambari zinazofuatana, zinaweza kupenda risasi tofauti. Moja hukusanya risasi za kampuni fulani ndani ya duara la sarafu, mwenzake akazitawanya kama kuku waliotupiwa jiwe. Hakuna anayeweza kutabiri kwa kutazama. Ni kujaribu tu.

Jaribio lenyewe si gumu. Bunduki huegemezwa juu ya mifuko ya mchanga mbele na nyuma, shabaha ikiwa mita 50, siku isiyo na upepo. Mlengaji hufyatua risasi kumi za aina moja kwenye karatasi moja, akasafisha mtutu kidogo, akafyatua nyingine kadhaa zisizohesabiwa ili mtutu uzoee nta ya risasi mpya, kisha akarudia kwa aina nyingine. Risasi tatu hazitoshi. Zinaweza kuangukia mahali pamoja kwa bahati na kumdanganya mtu. Bunduki ya kawaida yenye afya, ikipewa risasi inayoipenda, hukusanya risasi tano ndani ya takriban sentimita mbili kwa umbali huo.

Wengi huvutiwa na maboksi yanayotangaza kasi kubwa. Hapo kwenda mbio si kufika. Risasi ya mashindano hutoka kwa kasi ya karibu mita 325 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti. Ile ya kasi kubwa hutoka kwa takriban mita 380, ikiwa imeipita sauti, kisha hupunguza mwendo na kuvuka tena mpaka wa sauti kabla ya kufika mita 100. Katika kuvuka huko hewa huitikisa. Isitoshe, kinyume cha matarajio ya wengi, upepo wa ubavuni huisukuma kando zaidi kuliko ile ya polepole, kwa sababu hewa huipinga kwa nguvu zaidi. Upepo wa kilomita 16 kwa saa huweza kuihamisha risasi ya kawaida sentimita mbili na zaidi kwa mita 50, umbali unaotosha kuitoa alama kumi hadi nje ya nane.

Hata ndani ya aina moja, kila mkupuo wa kiwandani hutofautiana na mwingine. Ndiyo maana boksi huchapishwa nambari ya mkupuo. Kampuni kama Eley ya Uingereza, na Lapua ambayo risasi zake za .22 hutengenezwa Schönebeck nchini Ujerumani, zina vyumba maalumu ambako washindani hupeleka bunduki zao na kujaribu mikupuo kadhaa kabla ya kununua maelfu kwa pamoja. Mlengaji wa Nairobi au Nakuru hana fursa hiyo mlangoni pake, na cheti chake huweka kikomo cha idadi ya risasi anazoweza kuwa nazo kwa wakati mmoja. Jambo linalowezekana ni wanachama watatu au wanne wa klabu, kila mmoja kwa cheti chake, kununua aina tofauti, kufanya majaribio uwanjani siku moja na kulinganisha karatasi zao.

Gharama nayo hutazamwa vivyo hivyo. Bunduki hununuliwa mara moja, na mtutu wa .22 ukitunzwa hupitisha makumi ya maelfu ya risasi kabla ya kuchoka. Risasi ndizo hula pesa, zikifuatiwa na ada za klabu na leseni. Mwenye bajeti finyu afadhali achukue bunduki ya wastani na kubakiza fedha za maboksi ishirini ya risasi nzuri, kuliko kununua ya fahari ikabaki kabatini kwa kukosa chakula.

Darubini ni eneo jingine ambapo fedha hupotea. Nyingi zimetengenezwa kwa bunduki kubwa na zimesawazishwa kwa umbali wa karibu mita 90 au zaidi. Zikitumiwa kwa mita 50, jicho likisogea kidogo tu, msalaba wa kulengea nao huonekana kuhama juu ya shabaha. Mnunuzi aulize darubini iliyosawazishwa kwa .22, au yenye gurudumu la kurekebisha umbali. Anayetaka kuanza bila darubini hajakosea. Vilengeo vya tundu, ambapo jicho hutazama kupitia kishimo kidogo cha nyuma, hufunza nidhamu ya kichwa kukaa mahali pamoja, na ndivyo vinavyotumika Olimpiki hadi leo.

Hali ya hewa ya Kenya nayo ina la kusema. Kitako cha mbao kilichokaa Nairobi, kikipelekwa Mombasa, hunyonya unyevu na kuvimba. Kikigusa mtutu hata kidogo, risasi huanza kwenda kando na mwenye bunduki akalaumu darubini. Kipande cha karatasi kipitishwe kati ya mtutu na kitako. Kikikwama, kuna mguso. Kwa wakazi wa Pwani, kitako cha plastiki au mbao zilizogandishwa kwa gundi kwa matabaka hupunguza tatizo hilo, na mtutu wa chuma kisichoshika kutu kwa urahisi hustahili nyongeza ya bei. Hewa ya chumvi haisubiri wiki mbili. Chuma cheusi cha kawaida kipanguswe kwa mafuta mepesi siku ile ile ya matumizi.

Lakini mtutu wa ndani usisuguliwe kwa bidii. Risasi hizi laini huacha uchafu kidogo tu, na mitutu mingi ya .22 iliyoharibika iliharibiwa na fimbo za kusafishia zilizokwaruza mdomo wake kuliko ilivyoharibiwa na risasi. Kamba laini ya kuvuta kutoka chemba kuelekea mbele hutosha.

Udogo wa bunduki hii umewaponza wengi. Kwa kuwa ina mlio mdogo na haipigi teke, watu huidhania kuwa karibu na mwanasesere. Maboksi ya risasi zake huonya kwamba ni hatari hadi zaidi ya maili moja. Ikipigwa kwa pembe ya juu, risasi huweza kusafiri karibu kilomita moja na nusu, umbali ambao viungani mwa miji yetu una nyumba, shule na barabara ndani yake. Aidha, kichwa laini cha polepole huruka kando kikigonga jiwe au uso wa maji. Shamba la familia lenye uwazi nyuma ya miti si uwanja wa shabaha. Panahitajika ukuta wa udongo, mrefu na mnene, usio na mawe.

Masikio na macho yakingwe hata kama mlio unaonekana wa kuvumilika, na mikono ioshwe kabla ya kula kwa sababu vumbi la madini ya lead ni sumu, hasa kwa watoto. Risasi ikikataa kulipuka, komeo lisifunguliwe papo hapo. Bunduki ibaki imeelekezwa kwenye shabaha kwa nusu dakika, kwani fataki huweza kuchelewa. Na mlio ukisikika hafifu kuliko kawaida, kazi isimame mpaka mtutu uchunguzwe, maana huenda risasi imekwama ndani na inayofuata itaigonga kwa nyuma.

Nyumbani, bunduki hukaa katika kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa skrubu, na risasi mahali pengine zenye kufuli yake. Mwenye bunduki ya komeo ana kinga ya tatu ambayo mwenye bastola hana kwa urahisi huo: anaweza kuchomoa komeo lote na kulifungia chumba kingine. Mtutu uliobaki hauwezi kufyatua chochote, hata mtoto akifika kabatini, hata mwizi akiuvunja mlango. Katika baadhi ya bunduki komeo hutoka kwa kubonyeza kitufe cha pembeni, katika nyingine kwa kuvuta kifyatulio huku likirudishwa nyuma. Mteja amwombe muuzaji amwonyeshe, kisha alitoe na kulirudisha yeye mwenyewe mara kadhaa pale kaunta kabla ya kutia saini karatasi za malipo.